Sadaka Niliyomtolea Mzee Ramazani Bila Kumuuliza

Kuna siku moja ya mshahara naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unanichoma, ingawa sasa mimi ni bibi mwenye wajukuu na wengi waliokuwepo siku ile tumeshawazika. Sikupenda kuisimulia. Lakini jana ulikuja kwangu na karatasi iliyokunjwa mfukoni, ile ya komini, serikali yetu ya mji, inayotaka mkatwe mshahara kila mwezi kwa ajili ya yatima, ukaniuliza utie sahihi au usitie. Ukasema umeambiwa kwamba wasiotia wataonekana. Hilo la mwisho ndilo limenikasirisha, na ndiyo maana leo nasema.

Wakati ule nilikuwa karani kijana hapa hapa Kasongo, kwenye biro, yaani ofisi, ya watumishi wa komini, msichana mwenye mwandiko mzuri na maringo ya kutosha. Mkubwa wetu alikuja na wazo, na wazo lenyewe, nisimnyime haki yake, lilikuwa zuri: kila mtumishi anayekubali akatwe kidogo, yanunuliwe magodoro na sabuni za wamama wanaojifungua hospitalini. Wamama walikuwa wanalala kwenye mikeka. Dada yangu alizalia pale na mgongo ukamuuma wiki nzima. Nilikuwa wa kwanza kutia sahihi, na sijajuta hata siku moja.

Neno "anayekubali" liliandikwa juu kabisa ya karatasi. Lakini mkubwa aliponikabidhi aliniambia anataka arudishiwe imejaa, na mimi nikashika hilo la kujaa, lile la kukubali likanipita.

Ikajaa, isipokuwa mstari mmoja. Ulikuwa wa Mzee Ramazani, planto wetu, yule wa kukaa mlangoni, kupeleka barua na kuita watu waingie. Alikuwa Mwislamu wa mjini, kanzu safi, maneno machache, tena makavu. Nilipompelekea karatasi alinijibu, "Ngoja kwanza, binti yangu. Nikirudi tutazungumza." Kesho yake akaenda Wamaza kuvuna mpunga wa marehemu kaka yake.

Sasa lazima ujue desturi yetu ya pale. Tulikuwa tunatiliana sahihi. Mwenzako yuko shambani, au mtoto wake anaumwa, listi ya asubuhi ya waliofika kazini ikipita unamwandikia, naye siku nyingine anakuandikia wewe. Hatukuona uongo ndani yake. Tuliita kusaidiana, na asiyemwandikia mwenzake alihesabiwa kuwa na roho mbaya. Sahihi ya Mzee Ramazani niliijua kuliko yangu, kwa sababu nilishamwandikia mara nyingi. Basi nikachukua kalamu nikamwandikia na hapo pia. Nikajiambia, sadaka itamdhuru nani? Nikaipeleka karatasi kwa mkubwa imejaa, akanisifu mbele ya watu, na mimi nikatembea siku nzima kama niliyezawadiwa kitenge.

Siku ya mshahara ikafika, watumishi wote uwanjani. Mzee Ramazani akaitwa, akapokea bahasha, akaiangalia, akarudi mezani.

"Hapa pamepunguka."

Nikarukia jibu kwa furaha, tena kwa sauti, wote wasikie. "Ni sadaka yako, Mzee! Nilikutilia sahihi ulipokuwa Wamaza. Mungu atakulipa."

Alinitazama mpaka kicheko kikanikauka mdomoni.

"Mutoto wangu, nilikuambia ungoje. Watu wanamutolea sadaka maiti. Mie niko maiti?"

Akaniacha pale, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa. Nikamfuata na faili mkononi. Mlango ulibaki wazi na uwanja mzima ukasogea kusikiliza.

"Jina yangu mutoshe ku ile listi," alisema, akitaka lifutwe.

Mkubwa akamuuliza kama haoni aibu, wamama wanalala chini na yeye analilia vitu vidogo.

"Sikukuja juu ya wamama. Nilikuja juu ya jina yangu."

"Sinyatire yako iko hapa, Mzee," mkubwa akasema, akiigusa ile sahihi kwa kidole.

"Ile haiko yangu."

"Kwa hiyo biro yangu inaandika uongo? Nani basi aliiandika?"

"Mie najua siko mie. Ingine sisemi."

Mkubwa akasimama. Akamwambia kwamba mtu anayeiita biro ya serikali biro ya waongo hawezi kukaa mlangoni pake, arudi nyumbani na kesho asije. Mzee alikuwa amebakiza kidogo apumzike kazi, na ukifukuzwa namna hiyo unaondoka mikono mitupu. Hakugeuka kunitazama. Kama angenitazama, labda ningemchukia. Alitazama ukuta tu, na nikaelewa kwamba huyu mzee atapoteza kazi yake kabla ya kunitaja.

Niliogopa, mwanangu. Mama yangu alikuwa anakula kwa mshahara ule. Nilihesabu kichwani kila kitu nitakachokosa, na wakati nahesabu mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi. Ni mukono wangu."

Mkubwa alinigeukia, na maneno aliyonipa siwezi kuyarudia mbele yako. Kisha akapoa ghafla, kama wakubwa wanavyojua kupoa wanapoona uwanja unasikiliza. Akachukua kalamu, akamsogezea Mzee karatasi. "Basi tumalize. Tia sasa mukono wako wa kweli, na mambo yaishe."

Nitakuambia ukweli, nilimwomba kwa macho. Kama angetia sahihi, kosa langu lingekuwa dogo, pengine lingesahaulika kabla ya jioni. Chumba kizima kilikuwa kinamsukuma, na mimi nikisukuma kuliko wote.

Akairudisha kalamu. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Juu sitaki. Mushahara ni yangu. Nikitoa, nimetoa. Nisipotoa, Mungu ataniuliza Yeye. Weye hakukutuma kuniuliza."

Uwanja ulikuwa umeshasikia kwamba sahihi ni ya kughushi, mkubwa asingeweza tena kumfukuza mtu kwa kusema kweli. Jina likafutwa. Mimi nikatolewa kwenye biro, nikapelekwa sokoni kuwakatia wachuuzi tiketi za ushuru juani mwaka mzima.

Watu walimwita Mzee Ramazani bahili. Nami, kwa aibu yangu, nilianza kumchunguza nikitumaini kugundua kwamba kwa siri analisha wajane, ili nimtetee. Niliuliza majirani, niliuliza msikitini kwake. Sikupata kitu. Labda alitoa, labda hakutoa. Nimezeeka bila kujua, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba haikuwa haki yangu kujua.

Alinikuta sokoni siku moja, anatafuta samaki wakavu waliotoka Nyangwe. Akauliza bei, akalalamika, kisha akasema bila kuniangalia, "Ile siku ulisema ni mukono wako. Hakuna mutu alikutuma. Ile ulitoa weye mwenyewe, binti yangu." Akachagua samaki wake akaenda.

Sasa sikiliza. Mimi niliendelea kukatwa kwa ajili ya wamama mpaka siku niliyostaafu, kwa furaha, na kama yatima wenu wapo kweli na vitu vinawafikia, ningependa na wewe utoe. Ila kwanza waulize wenye karatasi yatima hao ni akina nani, nani anapokea, nani anaonyesha kilichonunuliwa, na ukitaka kutoka unatokaje. Wakikasirika kwa kuulizwa, rudisha kalamu. Wakikuambia nafasi tupu zitaonekana, zionekane! Nafasi ile ni yako, umeipata kwa jasho, iache tupu na utembee kichwa juu. Usitoe sababu, hata mimi usinipe. Na ikiwa mwenzako hayupo, hata awe rafiki wa kufa na kuzikana, usimwandikie. Siku watakapokupa wewe karatasi uizungushe, iweke mezani uende zako, usisimame juu ya kichwa cha mtu.

Sina zaidi. Mungu akufungulie mkono wako, mwanangu, na asimruhusu mtu mwingine aufungue kwa nguvu. Akupe riziki ya kugawa na ulimi wa kusema hapana mbele ya mkubwa aliyesimama. Nenda kazini sasa, na karatasi hiyo uipeleke mwenyewe.