Kimya Baada ya Salamu

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyetupa pumzi kabla hatujajua kuiomba, akatuacha tuimbe hata katika miaka ambayo bunduki zilisikika kuliko nyimbo. Kwa jina lake naeleza jinsi kaseti yetu ilivyotengenezwa hapa Kamina.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya kanisa. Mwenzangu alikuwa fundi wa redio, askari mstaafu aliyeletwa kambini kutoka mkoa wa Ekwateri akiwa kijana, akabaki. Sisi wawili ndio tuliokuwa kampuni nzima: yeye na redio yake ya kaseti mbili, ya kunakilia, na mimi na muhuri wenye picha ya ngoma niliouchonga kwa mpira wa sandali kuukuu. Tulikuwa tumekwisha kutoa kaseti za kwaya moja moja. Vita vilipokata njia na treni kuacha kuja, tuliamua kukusanya kwaya zote za mji katika kaseti moja. Wauza samaki wa baiskeli wangeipeleka hadi Mulongo, kwa wavuvi wa mtoni, walikokwenda na chumvi na sabuni na kurudi na samaki wakavu.

Tulirekodi kanisani mchana, mikeka imetundikwa madirishani na mtu mmoja nje akifukuza kuku. Mvua ilipopiga mabati, tulizima redio tukasali mpaka ipite.

Kwaya ya akina mama ilikuja mwisho. Kiongozi wao alikuwa mjane muuza mihogo. Binti yake aliolewa na mvuvi wa Mulongo, na tangu vita vifike huko mama hakupata neno lake lolote. Hakujua kama yu hai.

Kwa desturi ya kwaya zetu, salamu hutangulia wimbo. Mama yule alisema wanatoka mtaa gani, akawataja wazee wa ukoo kwa majina yao ya sifa, kisha akauliza kama wako wazima: "Muko bazima?" Akanyamaza. Akakitazama kipaza sauti kwa muda mrefu, kama mtu aliyebisha mlangoni. Ndipo wakaimba.

Tulipopanga nyimbo, tukaona hazienei kwenye mkanda mmoja.

"Papa mwalimu," fundi akaniambia, "tukate ile salamu ya bamama. Na kile kimya! Kinakula mkanda bure."

Nikasema kwanza tumwite mwenyewe. Alikuja na beseni lake la mihogo kichwani.

"Weye fundi, kwenu bantu banaingia mu nyumba ya bengine na kuanza kuimba tu?"

"Kwetu, mama, banaingia na kuanza kukula tu."

Alicheka, lakini hakuketi. "Ile kimya haiko ya bure. Iko ya mutoto wangu. Kama iko muzima, atanijibu wapi?"

Fundi akaondoa kidole kwenye kitufe. Akanigeukia. "Basi kunabaki kitu kimoja tu cha kukata. Mahubiri ya papa mwalimu."

Nilikuwa nimeifungua kaseti kwa neno la utangulizi, na nililipenda sana.

"Iko mazuri, papa," mama akasema kwa huruma. "Lakini iko marefu."

"Mungu alisha kuyasikia," fundi akaongeza. "Inatosha."

Yakakatwa, na kila wimbo ukapata nafasi.

Kunakili kaseti moja kulichukua muda uleule wa kuisikiliza. Kwa hiyo nilikisikia kile kimya mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila kilipofika nilimwombea binti yule. Sijui kazi nyingine ambayo ingenifundisha kusali hivyo.

Baiskeli zikaondoka. Baadhi ya wauza samaki walirudi bila habari. Mama alikuwa akipita dukani kwa fundi, tulikonakilia, kila atokapo sokoni. "Kule banaipiga?" aliuliza.

"Banaipiga, mama. Hata askari ba ku kizuizi banaipiga."

Kiangazi kilipoingia, muuza samaki mmoja alituletea kaseti iliyonuka samaki, yenye muhuri wetu wa ngoma. Mwanamke mmoja wa kule, alisema, alimwomba airudishe kwa wenye ngoma. Hakujua zaidi.

Tukamwita mama. Fundi akaiweka, akaisogeza mpaka kwenye salamu. Tukasikia mtaa, wazee, kisha sauti ya mama: "Muko bazima?"

Kikasikika kishindo kidogo cha kitufe.

"Tuko bazima, mama. Miye na batoto bote. Na weye?"

Kishindo tena, na wimbo ukaendelea bila maneno yake ya kwanza, kwa kuwa jibu lilikuwa limeyameza.

Mama alishika ukingo wa meza. "Niko," akaiambia redio. "Niko, mwanangu." Kisha kwa Kiluba: "Wafwako, Vidye." Asante, Mungu. Akalirudia neno hilo mpaka machozi yakamzuia.

"Ule mutoto aliharibu wimbo," fundi akasema, akijifuta macho kwa kitambaa cha kusafishia redio. "Turudishe tena, mama?"

"Rudisha."

Kaseti zote zilizofuata tulizinakili kutoka kwenye ile iliyoharibika. Wanunuzi waliuliza kwa nini wimbo wa akina mama unaanzia katikati, nami nilishukuru kila nilipopata nafasi ya kuwaeleza.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie mtu wa kukuuliza kama u mzima, na akupe pumzi ya kumjibu. Na kama kuna unayemngoja, sauti yake ikufikie. Amina.