Siku Thelathini na Nane za Mavji Dobi

Mavji dobi alikuwa na kibanda cha mabati hapa kwetu Chaani, mkabala na chumba tulichopanga. Alizaliwa Mombasa hii hii, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Ukimpelekea kanzu ya Ijumaa, hurudi na kanzu, na hadithi, na tusi dogo la heshima kuhusu unavyokula mchuzi. Neno lake la kudumu lilikuwa "kesho." Nguo tayari? Kesho. Kifungo je? Kesho, mama, kesho.

Mkewe alipofariki, alianza kuamka kabla ya adhana. Nikitoka kuteka maji namwona juu ya mkeka, miguu ameipandanisha, mgongo umenyooka kama mwimo wa mlango, pumzi aivuta polepole na kuitoa polepole. Siku nyingine nilimkuta amesimama kwa mguu mmoja. Watu walisema Banyani ataka kuingia sarakasi. Mimi nilimwuliza mwenyewe.

"Hii ni yoga, mama Dhahabu," akasema. "Watu waona miguu tu. Miguu ni kazi ndogo. Neno lenyewe kwetu ni ndugu wa nira, ile ya ng'ombe. Waufunga moyo nira, usiende utakako."

"Ili upate nini?"

Akanisogezea karai la maji ya kusuzia. "Koroga." Nikakoroga. "Waona chini?" Sikuona kitu. "Haya, ngoja." Tukangoja mpaka maji yakatulia, nikakiona hata kifungo kilichozama. "Basi," akasema. "Kifungo hakikwenda popote. Wazee wetu wasema ndani ya mtu mna nafsi isiyochafuka, nayo na Mungu si mbali. Lakini mimi nakoroga tangu asubuhi hadi jioni. Na mwiko wangu ni huu ulimi."

Ndipo akaniambia nadhiri yake: siku arobaini bila kutamka neno na bila kukasirika. Neno moja likimponyoka, arudi siku ya kwanza. Aliwatangazia wateja wote, akafunga mdomo.

Hakujua, maskini, kwamba ameiangukia ile mvua ya mwisho wa mwaka wa sitini na moja, iliyokata njia na kuzamisha mashamba. Nguo hazikukauka. Mutua wa reli alikuja siku nne mfululizo kutafuta sare yake. "Mavji, hata kobe hujibu!" akapiga kelele. Siku ya tano akaivaa mbichi, na jua lilipochungulia kidogo tukamwona aenda kazini akifuka mvuke kama injini.

Na wakati huo kila mtu alikuwa akisema. Hawa wataka Mwambao ujitenge, hawa wataka uhuru mmoja na bara. Walikuja kubishana kibandani, Mavji akipiga pasi tu, na kila upande ukaondoka ukijua uko naye.

Aliyemwandama zaidi ni Mwanasaumu, jirani yetu muuza mahamri. Alikula yamini atamtoa neno. Siku ya saba alipiga ukemi, "Mavji, pasi yaunguza!" Mavji akaitazama pasi, akamtazama yeye, akaendelea. Siku ya kumi na mbili akasimama mbele ya watu, mkono kiunoni: "Mavji, ikiwa mimi ndiye mwanamke mzuri kupita wote hapa Chaani, nyamaza."

Akanyamaza, angefanyaje? Mwanasaumu akazunguka nyumba kwa nyumba: "Amekiri! Wallahi amekiri mbele ya mashahidi!"

Mimi nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na mwiba. Binti yangu Dhahabu alikuwa ametimiza miaka miwili na nusu, hajasema neno. Kila asubuhi nilimfundisha kuamkia watu. Husimama, hutazama, na kabla hajafumbua mdomo watu huwa wameshaitikia, "Marahaba, mwanangu, marahaba," wakaenda zao. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, kule Likoni alikuwa ameshakata shauri: Ijumaa angekuja kumchukua, ampeleke Mwakirunge kwa mzee akataye watoto chini ya ulimi kwa wembe, ati wapate kusema. Mume wangu alikubali. Mimi ni nani wa kukataa?

Na huyo Dhahabu, kati ya watu wote, alimpenda Mavji. Alikaa chini ya meza ya kupigia pasi, wakitazamana kama wazee wawili.

"Mtoe mtoto pale!" Mwanasaumu akaniambia. "Bubu wa hiari atakuzidishia bubu wa kuzaliwa."

Nilitaka kumtoa. Lakini niliona jambo: kwingine kote Dhahabu hufumba mdomo kwa nguvu, na pale huufungua. Nikamwacha.

Alhamisi, siku moja kabla ya mavyaa kuja, ilikuwa siku ya thelathini na nane. Mvua yapiga mabati, Mwanasaumu amekuja na buibui lake, "Laninuka ukungu, Mavji, nikilivaa watu watanidhania gunia la kopra!" Dhahabu akatoka chini ya meza. Akasimama mbele ya Mavji, akampa mkono. Akaufungua mdomo. Mavji akaweka pasi chini, akangoja. Hata Mwanasaumu akangoja, jambo ambalo halijatokea tena.

"Kamoo," akasema Dhahabu.

Mtoto hakuondoa mkono. Macho yake yalikuwa juu ya mdomo wa yule mzee, akitaka haki yake. Shikamoo ni shikamoo, lazima iitikiwe. Isipoitikiwa ile ya kwanza, ya pili ataitoa wapi? Mavji akaushika mkono ule mdogo. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki.

"Marahaba, mama," akasema Mavji, sauti imekwaruza kama bawaba yenye kutu. "Marahaba sana."

Dhahabu akacheka. "Kamoo! Kamoo!" Mimi nililia kwenye kanga.

Mavji akafuta miwani, akamgeukia Mwanasaumu. "Maadamu nimeshaanguka, nianguke vizuri. Siku ya saba ulisema pasi yaunguza. Uongo ni dhambi kwenu na kwetu. Siku ya kumi na mbili: la! Wa tatu, labda, mvua ikiwa kubwa na miwani nimeivua. Buibui halinuki ukungu, lanuka mafuta ya mahamri. Na mwambieni Mutua kobe hajibu, nimewahi kumfuga."

Mwanasaumu alicheka mpaka akashika nguzo.

Ijumaa mavyaa akafika na mkoba wake. Dhahabu akampokea mlangoni, "Kamoo, bibi," naye akauweka mkoba chini, akaomba chai. Habari ya wembe haikutajwa tena.

Mavji alirudi siku ya kwanza, kama alivyoweka nadhiri, na safari hii alifika arobaini, kwa sababu alikuwa na wa kumsemea. Maneno ya Dhahabu yalikuja kama mafuriko, na chini ya meza ile alijifunza kuwajibu wateja mwenyewe. Mwanasaumu hakukoma. Alikuja siku moja, mkono kiunoni, "Haya Mavji, ikiwa mimi ndiye mzuri kupita wote Chaani, nyamaza!"

Mavji akanyamaza. Kikatoka kichwa kidogo chini ya meza.

"Kesho!" akasema Dhahabu. "Njoo kesho!"