Uzi Uliotoka Mbinguni

Mjukuu wangu msichana alitengeneza kitabu cha kugusa, cha kuwekwa kwenye skrini kubwa pale ukumbi wa akina mama, Nunguni. Hakihitaji intaneti. Unagusa picha, inakuonyesha jinsi ya kusuka kiondo. Mikono iliyopigwa picha ni yangu, kwa sababu hapa hakuna mwingine anayesuka kama mimi, na sisemi uongo.

Siku ya kukijaribu nikagusa. Nikajiona nikikwangua mkonge. Nikagusa tena, nikajiona tayari nasuka kitako cha kiondo.

"Na uzi umetoka wapi?" nikamuuliza. "Umeanguka kutoka mbinguni?"

"Susu, ile picha ya kusokota uzi nimeitoa. Paja linaonekana. Niliwaonyesha wamama wa kanisa, wakalalamika."

Kwetu uzi husokotwa juu ya paja, si mahali pengine. Langu limekuwa gumu kama ngozi ya ngoma kwa kazi hiyo, na ndilo lililomsomesha mamake. Leo ananionea aibu!

"Basi toa na mikono yangu."

"Susu! Kitazinduliwa kesho. Nitabaki na nini?"

"Utabaki na wamama wako wa kanisa. Waambie wasokotee mezani, tuone."

Akanuna, akafungua kompyuta yake, akalirudisha paja langu mimi nikiwa nimemsimamia kichwani. Sikumwambia asante. Nilimwambia alifanye liwe kubwa zaidi, walione hata wale watakaokaa nyuma.