Timu Iliyofia Mlangoni Pangu

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba mji wa Kisii hauwezi kubeba timu mpya ya ligi nilimpiga ngumi ya mdomo. Tulikuwa kwa kinyozi, yeye amekaa kitini na kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande mwingine bado. Alisema mji tayari una timu yake ya zamani, ambayo watu wanaipenda kuliko wanavyowapenda wake zao. Alisema uwanja ni mmoja, na kwamba Jumamosi nusu ya watu wako kanisani. Hayo niliyavumilia. Kisha akaongeza, "Na tena sisi watu wa huku hatujui kushindwa. Tukifungwa, tunapigana." Hapo nikampiga. Jino lilimtoka likaanguka sakafuni katikati ya nywele zake mwenyewe, na kinyozi akanifukuza na wembe mkononi.

Mimi ni mchongaji. Nilizaliwa Tabaka, ambako tunachimba jiwe laini na kulichonga sahani, vifaru na watu waliokumbatiana, vitu vya kuuzia wageni. Baadaye nilihamishia karakana yangu Nyanchwa, mlimani juu ya mji. Kazi ya tezo tangu utotoni imenipa mikono mizito, na hasira nilizaliwa nayo. Mke wangu kwao ni Kebirigo, upande wa Nyamira. Alinipenda nikiwa hivyo hivyo, ingawa baba yake hakufurahi.

Timu yenyewe ilianzishwa na watu wa kawaida: walimu wastaafu, wakulima wa chai, wenye maduka. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyezaliwa hapa hapa na anayetukana kwa Ekegusii safi kuliko mimi, alitoa jezi. Tulitaka timu ya kaunti zote mbili, Kisii na Nyamira, isiyoomba ruhusa kwa mtu wa Nairobi.

Tulianza kwa kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Tulipanga mechi za nyumbani zichezwe Jumamosi. Nusu ya kamati walikuwa Waadventista, na hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja alidhani wenzake wamekubali, naye hakutaka aonekane anazuia maendeleo. Siku ya mechi ya kwanza hata wao wenyewe hawakuja. Wachezaji walicheza mbele ya wauza karanga na ng'ombe wawili waliokuwa wakila nyasi nyuma ya goli.

Tukahamia Jumapili alasiri, Wakatoliki wakishatoka misa. Uwanja ukajaa pomoni. Waadventista walikuja na viatu vilivyopigwa rangi, watu wa Nyamira walikuja kwa makundi wakiimba. Na ulipojaa, damu ikaanza.

Mechi ya pili ya Jumapili tulifungwa, na watu wakalivamia basi la wageni kwa mawe. Sikuwa wa kwanza kurusha, labda nilikuwa wa tatu, lakini nililenga vizuri kuliko wote na nikajisifu kwa sauti. Kioo cha mbele kilipasuka chote. Dereva alishuka akijishika paji la uso, damu inamtiririka katikati ya vidole, akitutazama kana kwamba anataka kutuuliza jambo. Wakuu wa ligi wakaita kamati wakaipa neno moja tu: damu nyingine ikimwagika uwanjani, mechi zenu zote za nyumbani mtazichezea mbali, ng'ambo ya Bonde la Ufa. Kila mtu alielewa maana yake. Mchuma chai wa Kebirigo hawezi kuifuata timu huko, na timu isiyo na watu wake itakufa.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja mfupi, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye sauti yake ilikuwa bado inaamrisha gwaride. Alipanda hadi karakana yangu akanikuta natoboa jiwe.

"Wewe ulirusha," akasema.

"Nilirusha, mwalimu."

"Nimetafuta mtu mbaya kabisa katika huu mji nimpatie kazi ya mlango. Nimekupata."

Mlango aliousema ulikuwa kwenye uzio wa waya uliotenga majukwaa na uwanja. Ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu mmoja, na komeo lake lilikuwa limevunjika miaka mingi, kwa hiyo kuanzia siku hiyo komeo nilikuwa mimi. Nilisimama mbele ya kamati nikaapa kwamba hakuna atakayepita kumfikia refa wala mgeni yeyote. Nilipewa fulana ya kijani yenye kung'aa. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Sitadanganya kwamba nililinda amani kwa upole. Mwendesha boda boda mmoja alijaribu kunipita wakati wa mapumziko, nikamkaba shingo nikausugua uso wake kwenye waya mpaka akaomba msamaha. Mwingine alikuja na chupa. Nilimkunja mkono nyuma, nikaendelea kuukunja huku akilia, "Buda, wachilia! Mkono inavunjika! Wachilia bana!" Niliusikia mfupa ukilia ndipo nikamwachilia. Mke wangu alikuwa akiifua ile fulana kila Jumapili jioni bila kuniuliza damu ni ya nani.

Lakini hakuna aliyepita. Jumapili baada ya Jumapili tulishinda, tukatoka sare, tukafungwa pia, na watu wakarudi nyumbani wakitukana tu. Kutukana si kitu, kutukana ni haki ya mtazamaji. Nilianza kuamini kwamba yule niliyemng'oa jino alikosea, kwamba mji wetu una kifua cha kubeba timu hii. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuwahi kufurahia kitu nilichokichonga kwa mikono yangu.

Ndipo baba mkwe wangu akaanza kuja. Alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa, mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kutazama mpira. Alivutwa na beki wetu wa kushoto, ambaye wazazi wake walikuwa majirani wake kule Kebirigo. Alikuja na suti yake ya Sabato na mwamvuli mrefu mweusi wenye mpini wa mti. Alikaa wima, mwamvuli katikati ya magoti, na tukifunga goli alitikisa kichwa mara moja.

Nilipomwona mara ya kwanza niliinamisha macho. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba wa mke wangu simtanii, sikai naye ubavu kwa ubavu, na mkono wangu haumgusi. Akijikwaa mbele yangu nitamwita mtu mwingine amshike. Kwa hiyo yeye alikaa jukwaa la mbali na mlango wangu, nami nikawa natazama kwingine, na kila mtu aliona tuna adabu.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Sare ilitutosha kubaki ligini. Dakika za mwisho kabisa, bado hakuna aliyefunga, mshambuliaji wao aliingia kwenye eneo la hatari na beki wetu wa kushoto akamtelezea. Mguu uligusa mpira. Nilikuwa karibu, niliona kwa macho haya. Refa alipuliza filimbi akaonyesha penalti, kisha akamtolea kijana wa Kebirigo kadi nyekundu. Wakapiga, wakafunga.

Sauti iliyotoka majukwaani sijaisikia tena. Chupa zilipaa juu ya uzio, kisha mawe, kisha mbao zilizong'olewa kwenye viti. Wa kwanza aliyefika mlangoni pangu nilimpiga kiwiko cha pua, damu yake ikanirukia mdomoni nikaionja. Wa pili nilimpiga teke la tumbo akaketi. Watatu walikuja kwa pamoja, mmoja akanipiga na mkanda, chuma cha mkanda kikanichana nyusi, nikamshika kichwa nikakigonga kwenye nguzo. "Unatetea huyu mwizi wa nini?" walikuwa wakipiga kelele. "Yeye ndio ametuibia! Wacha tupite!" Nami nilikuwa na jicho moja limejaa damu na nilikuwa bado nimesimama.

Kisha wakaachana, wakafanya njia. Baba mkwe alikuwa anashuka ngazi na mwamvuli wake. Hakukimbia. Watu walikuwa wanamwambia, "Pita, omogaka, pita mzee wetu," kwa heshima kubwa, huku wengine wameshika mawe. Alifika mbele yangu, akasimama hatua mbili kutoka mlangoni. Hakunitazama usoni, wala mimi sikumtazama usoni.

Nikapisha.

Alipita akatembea moja kwa moja hadi kwa refa, aliyekuwa amempa mgongo akizozana na wachezaji wetu, akampiga na mpini wa mwamvuli kwenye sikio. Mpini ulivunjika. Refa alianguka kwa magoti, na mzee akabaki amesimama na kipande cha mti mkononi, akikitazama. Muda huohuo watu wote niliokuwa nimewazuia walinipitia. Walinikanyaga. Nilipoinuka refa alikuwa haonekani, palikuwa na migongo tu na miguu inayopiga kitu chini. Mtu mmoja aling'oa kibendera cha kona akawa anadunga nacho. Niliingia hapo nikiwapiga watu wangu mwenyewe, majirani, mtu ninayesali naye, sikuchagua. Nilimfikia refa nikamlalia. Walinipiga mimi wakidhani wanampiga yeye, kisha wakanipiga wakijua ni mimi. Alikuwa akinong'ona chini yangu, "Niko na watoto, niko na watoto." Polisi walirusha vitoa machozi, na wote tukawa tunatapika pamoja kwenye nyasi.

Refa hakufa. Alipoteza usikivu wa sikio moja, na taya yake ilifungwa kwa waya. Nilikwenda kumwona hospitalini. Aliangalia bandeji ya jicho langu kwa muda, kisha akageukia ukutani.

Kamati ilipokaa, mwenyekiti aliniuliza ilikuwaje mlango ukafunguka. Nilisema, "Aliyekuja mbele alikuwa baba mkwe wangu." Sikuhitaji kuongeza neno. Niliwaona wakishusha pumzi mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti alivua miwani. Mzee wa duka la vifaa akasema, "Yaya, hapana, huyo hungegusa. Hata mimi singegusa." Walinisamehe wote, siku hiyo hiyo, na mtu mmoja akanipigapiga mgongoni penye kidonda.

Timu ilipelekwa ng'ambo ya Bonde la Ufa kama ilivyoahidiwa. Ilishushwa daraja, ikacheza miezi kadhaa mbele ya viti vitupu, wachezaji wakatawanyika. Beki wa kushoto sasa anachuma chai. Jezi zilizobaki huvaliwa na wapakiaji wa simenti pale dukani, na kila mtu mjini anajua kueleza kwa nini jambo lile halingewezekana: uwanja, Jumamosi, timu ya zamani. Mimi niliwaeleza habari ya chinsoni. Niliieleza mara nyingi, na kila mara watu walitikisa vichwa kwa huruma.

Baada ya hapo mke wangu aliniambia kwamba baba yake ameitwa mbele ya kanisa, amekiri, na amevuliwa uzee wa kanisa. Alikuwa halali vizuri. Nilikwenda Kebirigo asubuhi moja baada ya mvua. Nilimkuta kwenye chai yake, kikapu mgongoni, vidole vinachuma majani mawili na chipukizi bila yeye kuvitazama. Nilisimama mistari miwili mbali naye, kama inavyonipasa, nikasalimu. Aliitikia. Akaendelea kuchuma.

"Nasikia unawaambia watu hukuweza kunigusa," akasema hatimaye, bado macho yako kwenye majani.

"Ndiyo, Baba."

"Ni kweli, hukuweza. Na mimi je? Ningekugusa mimi?"

Nilikwangua tope kwenye kiatu changu.

"Ule mlango ulikuwa wa mtu mmoja. Wewe ulikuwa ndani yake. Nilisimama. Uliniona nimesimama?"

"Nilikuona."

"Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua, lakini nilipokukuta hapo nilishukuru Mungu. Nilijisemea, mkwe wangu yuko mlangoni, basi yameisha, nitageuka nirudi kwangu. Nilikuwa nakungoja ubaki tu hapo. Wale nyuma yangu wasingenisukuma." Alitupa majani kikapuni. "Kwa nini ulipisha?"

Nilitaka kutaja heshima. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, nimelizoea sana. Lakini mzee huyu alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima akasema alichofanya, na mimi nilikuwa nimeona ule mguu ukigusa mpira, na ngumi zangu zilikuwa zimechoka kumlinda mtu niliyekuwa namchukia.

"Nilitaka refa apigwe," nikasema. "Na sikutaka niwe mimi wa kumpiga."

Aliacha kuchuma. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinitazama usoni, na mimi nikamtazama.

"Basi usiwaambie watu tena kwamba ni chinsoni," akasema, akasogea mbele kwenye mstari wake.