Taa Isizimike

Juzi niligusa taa ya baiskeli ya mwanangu, ya kununua dukani. Ilikuwa ya baridi kabisa.

Ya baba ilikuwa kopo la maziwa na balbu ya pikipiki. Alasiri moja utotoni mwangu, ukungu ulileta giza mapema kwenye njia ya kutoka kijijini Mpitimbi kwenda hospitali. Nyuma alikaa mama, amempakata mdogo wangu aliyechemka kwa homa. Mimi nilikaa mbele ya baba, kwenye bomba la baiskeli.

"Angalia taa isizimike," baba alisema.

Nilizoea koroboi ya mafuta ya taa, kwa hiyo niliikinga balbu na upepo kwa kiganja. Ilinuka rangi ya kopo ikiungua, kisha ngozi yangu. Nililia kimya hadi hospitalini.

"Mbona hukuachia?" baba aliuliza, akinipuliza kiganja.

"Ingezimika."

Leo najua upepo hauzimi balbu. Lakini mdogo wangu alipona, na mtu asinibishie.