Nilimfundisha Kaka Kuvua Bahari Nisiyoigusa

Mpaka leo nasikia ndoana zikigongana ndani ya kopo la majani ya chai. Kaka alilitikisa karibu na sikio langu asubuhi ile, lori la kahawa likimngoja njiani, akasema samaki wa Tanga watajua kuwa Mnyambo wa Karagwe anakuja. Nikacheka naye. Ndoana zile nilimchagulia mimi. Kosa ni langu, ndugu msomaji, na sina pa kulitua ila hapa.

Nilikuwa nimekaa Tanga mwaka mzima kwa shangazi, namlelea mtoto. Bahari niliiona, naam. Niliiona kwa mbali, viatu mkononi, naogopa hata povu lisinifikie. Lakini niliporudi kwetu Karagwe watu walikuja kuuliza habari, na ulimi wangu haujui kulala. Nikasema nimevua. Nikasema nilisimama ufukweni, nikatupa mshipi, nikavuta samaki mrefu kama mkono wangu. Kwetu mwanamke hashiki ndoana, kwa hiyo walishangaa sana, na kadiri walivyoshangaa ndivyo samaki alivyorefuka. Wakaniita Binti Bahari. Lo, nililipenda jina lile!

Basi mume wa shangazi, fundi cherehani, akamwita kaka akajifunze ushonaji kwake. Kaka alikuwa na ndoto moja tu: arudi na ufundi, aweke cherehani barazani pale kwetu Nyakahanga. Katika barua ya kumwita aliambiwa kwamba Jumapili, baada ya ibada, mafundi wa duka lake huenda ufukweni kuvua. Hakutaka waseme mtu wa bara hajui kitu. Akaja jikoni, akaketi juu ya kinu.

"Binti Bahari," akaniambia, "nipe siri zako zote, nisije nikatuaibisha."

Hapo ndipo ningesema kweli. Nilikuwa namenya ndizi, tuko wawili tu, na kaka yangu si mtu wa kumcheka mtu. Sikusema!

Nikampa yale niliyoona wanaume wakifanya kwenye vinamasi vya mto Kagera. Ndoana ndogo, za kambare. Mshipi nikausokota kwa uzi wa pamba, nikaupaka nta ya nyuki. Akauliza habari za chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi. Nikamwambia baharini haina kazi. Chambo nikamchimbulia nyungunyungu kibanjani, chini ya majani ya migomba, nikawafunga katika ganda la mgomba pamoja na udongo mbichi. Wadudu wale walipanda lori, wakapanda meli mpaka Mwanza, wakapanda treni, na kabla ya Tabora abiria wakawatupa dirishani kwa uvundo. Ningecheka, kama mambo yangeishia hapo.

Kaka akauliza neno la mwisho. Samaki akishatoka majini, anashikwaje?

"Kichwani," nikamjibu. "Mkandamize kwa nguvu, kama kambare."

Barua ya kaka ilifika baada ya miezi miwili. Mwandiko haukuwa wake. Mama hajui kusoma, nami nilifika darasa la nne, kwa hiyo nilisimama mlangoni penye mwanga nikamsomea.

Mshipi wangu ulikatika alipoutupa mara ya kwanza. Wenzake wakamcheka, kisha wakampa wa kwao na kipande cha ngisi. Akapata samaki mwenye masharubu, wanamwita hongwe. Wakamwambia asimguse, ana miiba ya sumu. Kaka akawajibu kwamba dada yake amevua bahari hiyo hiyo, naye ndiye aliyemfundisha. Akamkandamiza kichwani.

Mwiba uliingia chini ya kidole gumba, mkono wa kulia. Alilazwa majuma matatu. Kidole hakikunjiki tena. Mkasi haushikiki. Anarudi nyumbani.

Halafu palikuwa na mstari mmoja: "Mwambieni mdogo wangu asihuzunike, huenda mimi ndiye niliyesahau alivyonieleza."

Mstari huo niliuruka. Ningeusoma, mama angeuliza: kwani wewe ulimweleza nini?

Mama hakulia. Akasema, huyo mume wa shangazi yako ni mtu wa namna gani, anamwachia mtoto wa wenziwe ashike sumu? Akaniambia nichukue kalamu, tumwandikie shangazi. Akanitajia maneno makali, ya kuvunja udugu, nami nikayaandika yote kwa ule mwandiko mzuri niliosifiwa shuleni. Hata nukta sikusahau. Aibu gani hii!

Wewe unayesoma, kama unapenda kusimulia kama mimi, simulia. Lakini mtu akianza kufunga mzigo kwa kuamini hadithi yako, mzuie mlangoni umwambie hujui. Watakucheka siku mbili, ya tatu wamesahau. Mimi nilikwepa siku mbili za kuchekwa, na kaka atakaa na kidole kile maisha yake yote.

Barua ya kwenda kwa shangazi inaondoka Ijumaa. Leo mama amekwenda kuchuma kahawa. Nimeibandua bahasha kwa mvuke wa sufuria, na chini ya maneno yake nimeandika yangu: "Shangazi, shikamoo. Hakuna aliyekosa huko kwenu. Mimi ndiye niliyemwambia amshike kichwani, na sijavua hata siku moja." Nikaifunga tena kwa uji, nikakaa nayo mapajani mpaka ikakauka.