Mama Ashraf analipa hata mbalamwezi

Kumekucha Bangwe, na ufukwe wa ziwa umelala. Ni siku za mbalamwezi. Taa za karabai hazivuti dagaa, mitumbwi imepandishwa nchi kavu na wavuvi wako majumbani wakifidia usingizi. Uwanja mmoja tu una watu. Mwanamvua, ambaye wote hapa humwita mama Ashraf, ameinama akikaza kamba za chanja ya kuanikia dagaa. Pembeni, Léoncie anashona turubai lililochanika.

Anayepita hushangaa. Mbalamwezi ikiingia, kila mwenye dagaa huwaaga vibarua wake mpaka giza lirudi. Mwanamvua naye alifanya hivyo miaka nenda rudi.

"Nilidhani ndiyo ajira yenyewe," anasema akicheka. "Kumbe nilikuwa nafundisha watu kunikimbia!"

Walimkimbia kweli. Tangu wakimbizi wa Burundi waanze kumiminika mwaka 1993, kambi zimefunguliwa mkoani hapa, na kambi zinataka wapishi, walinzi na wapakuzi wa mizigo. Mwaka jana, giza liliporudi, wanawake wake wanane hawakurudi wote. Walirudi wawili tu, Honorata na Léoncie.

Léoncie, mkazi wa Rusimbi, aliingia nchini kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake mwaka 1972. Mchana mmoja, vibarua wote wakiwa wameshalipwa na kuondoka, wingu lilitanda ghafla. Mwanamvua alikuwa sokoni Mwanga. Alirudi mbio, roho mkononi, akijua mzigo wote umeharibika. Alikuta dagaa wamefunikwa, na Léoncie, aliyekuwa amegeuka njiani na kurudi, amelowa chapachapa, amekalia ncha ya turubai upepo usiling'oe.

Siku chache baadaye Léoncie alikuja kuaga. Kambini walimpa mkataba wa miezi sita, kupika uji wa watoto.

"Mama, wewe ni mzazi wangu," alisema, "lakini kule mwezi ukiwaka, wanangu wanakula."

Mwanamvua anakiri maneno yale yalimchoma. Hakumbembeleza. Alimwambia abaki kwa mshahara wa kila mwezi, giza na mbalamwezi, akiumwa na akiwa mzima.

"Ego, mama," Léoncie alijibu kwa Kirundi, ndiyo, kisha akalia.

Sasa Mwanamvua anapanga watu wake kwa akili. Mzigo ukizidi, anaita vibarua na kuwalipa jioni ileile. Wa msimu, kama Honorata, anawaahidi kazi giza lote. Wa kudumu ni Léoncie. Mbalamwezi wao wawili wanatengeneza chanja, wanachambua dagaa na kupeleka magunia Mwanga.

"Kila mtu ajue mapema yuko wapi," anasema. "Ukimficha, unamdhulumu."

Miezi ya mwanzo ilimbana; alikula ugali na dagaa waliovunjika. Majirani walimcheka, wa kwanza akiwa Khalfani, mwenye uwanja wa pili. "Unamlipa mtu atazame mwezi?" alikuwa akiuliza.

Mipango yake haijaisha. Kiangazi kijacho anataka Honorata naye awe wa kudumu.

Tunapoagana, Khalfani huyohuyo anakuja polepole, kofia mkononi. Giza likirudi hana mtu wa kumkabidhi uwanja.

"Mama Ashraf, niazime Léoncie."

"Ana mdomo wake, muulize."

Léoncie hainui hata kichwa. Anavuta uzi, anaukata kwa meno.

"Shikamoo, mzee," anasema. "Mimi nina kazi."